Muulize Mama Zamu: Ulikuwa wapi mchana?

Wapendwa wasomaji, meseji za wiki hii nyingi zimeangukia jambo moja, watu wanaokwenda kutibiwa usiku, jumapili, sikukuu, zile saa ambazo wenzenu wamelala. Mimi nimekaa zamu za usiku miaka zaidi ya ishirini, zahanati kwanza alafu kituo cha afya, kwa hiyo hapa siongei kwa kusimuliwa. Nimechagua tano na nimezipunguza kidogo maana kuna mtu kaandika kurasa mbili hajaweka nukta hata moja (na mimi mwenyewe mnanijua).

*Shikamoo Mama Zamu. Niko Mbagala, nina watoto wawili. Mdogo ana mwaka na miezi minne, juzi saa tano usiku homa ikampanda nikambeba mpaka kituo cha afya, nesi kanitazama juu mpaka chini akaniuliza "ulikuwa wapi mchana?" tena mbele za watu. Na si mara ya kwanza. Mchana mtoto alikuwa anacheza kabisa jamani. Hivi kweli mimi mzembe? – Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, mchana alikuwa anacheza na usiku anaungua, yote mawili kweli. Joto la mwili wa binadamu halikai pale pale siku nzima, linakuwa chini alfajiri alafu linapanda taratibu mpaka jioni, sasa ukiwa na homa nayo inafuata mkondo huohuo, ndo maana mtoto mchana amechangamka anakimbiza kuku, saa tatu usiku ukimgusa unashtuka. Akilala chali pua inaziba, kikohozi kinazidi, pumu ndo kabisa inapenda usiku wa manane. Na kuna kile kikohozi cha kubweka kama mbwa, watoto wadogo hicho kinawaamsha usiku wakati jioni walikula vizuri tu. Kwa hiyo mzazi akisema "amebadilika ghafla" mi siku hizi namwamini.

La pili sasa ni la saa. Zahanati nyingi za serikali kazi inaanza saa moja na nusu asubuhi inaisha saa tisa na nusu alasiri, jumatatu mpaka ijumaa. Chukua saa hizo uziweke pembeni ya saa zako wewe uone zinakutana wapi. Nilikuwa na mama mmoja anakaanga mihogo stendi, kaja kwangu saa nne na nusu usiku, kanga ina madoa ya mafuta, mikono bado inanuka pilipili, mtoto kambeba mgongoni amelala mdomo wazi. Nikamuuliza lile lile swali, ulikuwa wapi mchana. Hakukasirika hata, akanijibu kama anahesabu chenji: saa kumi alfajiri niko soko kuchukua mihogo, saa kumi na mbili niko kwenye karai, mtoto kabaki na bibi yake ambaye haoni vizuri, saa mbili usiku nimerudi nikamgusa paji la uso, nikasubiri baba yake alete hela ya bajaji, kaja saa nne, nimefika. Basi. Swali lilikuwa limejibiwa na mimi ndo nikabaki nimeshika kalamu.

Watu wanasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kituo cha serikali, kweli sera ndo inavyosema, na mjamzito pia na mzee wa 60 na kuendelea asiye na uwezo. Lakini bajaji haina sera. Dawa ikiisha dirishani unaandikiwa karatasi ukanunue, hiyo nayo haina sera. Na nyumba nyingi hela ya matibabu inatoka mfukoni mwa mtu anayerudi usiku, kwa hiyo uamuzi unafanyika usiku, yaani mgonjwa alianza kuumwa mchana ila ruhusa na nauli vimepatikana saa nne.

Sasa tusije tukaelewana vibaya, si kila homa ni ya kukimbizana gizani. Ila hizi ukiziona usisubiri kukuche na usisubiri baba: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila unachompa, amepata degedege, amelegea haamki vizuri. Ongeza na anayepumua haraka haraka na mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, na shingo iliyokakamaa. Na kichanga chini ya miezi miwili homa yoyote ile ni safari, hata kama ananyonya. Degedege najua baadhi ya nyumba za pwani bado wanasema ni ndege kapita juu ya nyumba wanaanza kwa mganga, mi sibishani na mtu kuhusu ndege, nasema tu njia ya kituoni iwe ya kwanza, kwa mganga mtapita mkirudi.

Akiwa anakunywa, anakutazama, anacheka hata kidogo, mpe panadol ya maji kwa kipimo cha umri wake, mvue manguo, asubuhi na mapema muwe wa kwanza kwenye benchi. Asubuhi hiyo hiyo lakini, si keshokutwa, maana kwetu huku homa lazima ipimwe malaria ndani ya siku moja, tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka unapata jibu chini ya nusu saa, na ikiwepo anaanzishiwa dawa mseto.

Na yule nesi, ukifika tena anza wewe kabla hajafungua mdomo: "homa imeanza saa mbili usiku huu, ananyonya, hajatapika, nimempa panadol saa tatu." Mtu akisikia maelezo hayo swali la mchana linamfia kooni.

*Habari mama. Mi ni bodaboda Mwanza. Kusema ukweli mi hospitali naenda usiku tu, mchana kuna foleni mpaka nje na nina hesabu ya bosi kila siku, nikipaki masaa manne nani atalipa? Usiku naingia natoka. Kuna ubaya? Nina presha waliniambia mwaka jana ila dawa nameza kichwa kikiuma. – Dereva wa Buhongwa*

Mwanangu hesabu ya bosi naielewa, na si wewe tu, wanaume wa umri wako mchana siwaoni kabisa mpaka waje wamebebwa. Kwa kidonda, kwa homa, kwa kuumwa tumbo ghafla, njoo usiku hakuna wa kukufukuza.

Presha ndo hapana. Usiku unamkuta mtu mmoja, leo mimi kesho mwingine, faili lako limefungiwa chumba cha kumbukumbu na mwenye funguo kaenda nyumbani, maabara imefungwa au yupo mmoja anakimbilia damu ya mama aliyejifungua. Anakupima, anaona 170 kwa 105, anakupa vidonge vya siku tano, unaondoka. Wiki tatu baadae unakuja kwa mwingine, hakujui, anaanza upya. Mwaka mzima umetibiwa na watu saba na hakuna hata mmoja anayejua kama dawa inakufaa. Haraka uliipata lakini matibabu hukuyapata.

Alafu hiyo ya kumeza kichwa kikiuma! Presha nyingi haiumi popote, dawa yake ni ya kila siku, kichwa kiume kisiume. Fanya hivi, chagua siku moja ya mwezi, siku ambayo biashara yako ni mbovu, wewe unaijua, nenda kliniki ya presha na sukari asubuhi na kitabu chako. Wengi wakishatulia wanapewa dawa ya mwezi au zaidi kwa mara moja. Siku moja ya hesabu kwa mwezi, mweleze bosi, akikataa mwambie kiharusi hakina hesabu.

*Jina sitaki. Niko chuo Dodoma. Ijumaa usiku kondomu ilipasuka, zahanati ya chuo imefungwa mpaka jumatatu, hospitali naogopa nitamkuta mama mdogo anafanya kazi pale. Nikaenda duka la dawa nikapewa P2 bila kuulizwa chochote. Nilifanya sawa?*

Ulifanya sawa na ulifanya haraka, P2 inatakiwa ndani ya masaa 72 na kadri unavyowahi ndo inavyofanya kazi, kwa hiyo kusubiri jumatatu ingekuwa kosa. Ila P2 inazuia mimba tu. Kama hujui hali ya mwenzio kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, nazo mwisho wa kuanza ni masaa 72, zinamezwa siku 28, na hizo duka halitoi, inabidi kituo cha afya au hospitali, hata ya mtaa mwingine ambako mama mdogo hayupo. Kama siku zikipita na hedhi haijaja wiki tatu baada ya hapo, pima.

Niseme kitu kuhusu duka. Tukiongelea nani anatibu watu usiku nchi hii tunataja madaktari, lakini mlango wa kwanza kwa wengi ni duka la dawa muhimu, lile la pembeni ya kibanda cha chipsi lenye taa mpaka saa nne. Mpango huo ulianzia Ruvuma mwaka 2003, wakachukuliwa wauzaji wa maduka ya dawa baridi wakafundishwa, wakaruhusiwa na antibayotiki kadhaa. Watu wanalipenda maana hakuna faili, hakuna benchi, hakuna mama mdogo. Mi silipigi vita. Ninachokataa ni nusu dozi, unaingia na elfu moja unatoka na vidonge vinne vya antibayotiki kwenye kibahasha, na sindano ya nyuma ya pazia, duka si mahali pa kuchoma sindano. Na kila anayekojoa kwa maumivu siku hizi anaambiwa yutiai sugu (maambukizi ya njia ya mkojo) bila hata kupimwa mkojo, hiyo nitaiandikia siku yake maana nikianza leo hatulali.

*Shikamoo mama, nakusoma kutoka Leicester, Uingereza. Mama yangu ana miaka 68 amekuja kutembea toka Tanga. Jumamosi jioni akaanza homa na mkojo unamuunguza, nikampeleka emajensi ya hospitali, tumekaa masaa saba kwenye viti, mwisho daktari akaniuliza kwa nini hukupiga 111. Mi nilijua namba hiyo ni ya wenye karatasi kamili. Na bili itakuja? – Binti wa Tanga*

Marahaba na pole, mpe mama shikamoo yangu. Mdogo wangu anaishi huko miaka mingi, tumekaa kwenye simu saa nzima ananifafanulia.

Huko daktari wa familia, hao mnaowaita jipii, saa zake za kawaida ni saa mbili asubuhi mpaka kumi na mbili na nusu jioni, jumatatu mpaka ijumaa. Zamani usiku ulikuwa mzigo wake, mwaka 2004 mkataba ukabadilishwa akaruhusiwa kuutua, wengi wakautua, usiku na wikiendi zikaenda kwa huduma nyingine. Kuzifikia hizo kwa England unapiga 111, bure, masaa 24. Anayepokea mara nyingi si daktari, anakuuliza maswali yaliyopangwa kwenye kompyuta, mengine yanaudhi (anapumua? ana fahamu? na yeye mama yuko pale anauliza chai iko wapi) lakini mwisho wake unaweza kupigiwa na nesi au daktari, kupangiwa saa ya kuonana na daktari wa zamu, kuelekezwa duka la dawa au kutumiwa ambulansi. Mkalimani unaomba, usimfanye mjukuu wa miaka tisa atafsiri mambo ya mkojo wa bibi yake. Na ya kufa na kupona ni 999, hapo 111 usiitafute.

Kuhusu karatasi: kumuona jipii na kupiga 111 ni bure kwa mtu yeyote, mgeni hata asiye na viza. Ile emajensi nayo haitozi, bili inaanza pale mgeni anapolazwa wodini au kupelekwa kliniki za hospitali. Kwa hiyo kama mama hakulazwa, vuta pumzi. Tangu januari 2024 maduka ya dawa ya England yanaweza kutibu vitu saba bila daktari, koo, sikio, na yutiai ikiwemo, ila yutiai hiyo ni kwa wanawake wa miaka 16 mpaka 64 na isiwe na homa wala mambo mengine, yaani wewe ungetibiwa pale ila mama hapana, mzee mwenye homa na mkojo unaunguza anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kumtoa nyumbani hukukosea, ulikosea mlango tu. Na sikulaumu, maana mtu aliyekulia nchi ambayo usiku mlango ni mmoja tu wenye taa nyekundu, unategemea ajuaje kuna mitano?

*Mama Zamu nakuheshimu sana ila leo acha nikuambie. Mi ni nesi, zahanati ya kijijini Tabora, usiku niko peke yangu na nyumba yangu iko mita thelathini toka zahanati. Unatetea wagonjwa kila siku, na sisi nani atatutetea? Nimezalisha mpaka saa nane usiku, saa tisa mtu anagonga dirisha ana kikohozi cha wiki mbili. WIKI MBILI. Kwa nini asije asubuhi? – Nesi Aliyechoka*

Mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ya tatu nilisoma kwa sauti.

Unachosema ni kweli. Mwaka 2007 ulipoanza ule mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo yalitangulia watumishi, na pengo lile ndo wewe umesimama ndani yake na tochi. Mtu hawezi kufanya mchana mzima, azalishe usiku, alafu tumuombe na tabasamu. Ulizia kwa mganga mfawidhi na kamati ya zahanati, siku ya kupumzika baada ya usiku wa kuzalisha iandikwe kwenye ratiba, ukutani, kijiji kiione. Na usiku ukiwa na mama anatoka damu usianze kutafuta dereva kwa kubahatisha, piga 115, m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, bure, kama ambulansi iko mbali wana madereva wa kijamii wanaolipwa kwa safari hiyo.

Sasa wanaogonga. Chunguza utaona wengi ni wa jirani. Norway wana namba yao ya daktari wa zamu, 116117, na tafiti zao zimeonesha kitu ambacho mimi na wewe tunakijua bila kompyuta, aliye karibu anakuja zaidi, kadri mtu anavyokaa mbali anapungua, hata kama anaumwa vile vile. Kwa hiyo yule wa jirani anakuchosha kwa kikohozi, na yule wa kitongoji cha kilomita kumi na mbili hakuchoshi kabisa, anakaa na ugonjwa wake mpaka aletwe kwako juu ya baiskeli. Mi huyo wa pili ndo alikuwa ananinyima usingizi nikishatoka zamu. Ukimsikia mtu wa mbali anagonga, amka haraka.

Na la wiki mbili nikuambie langu. Mimi pia nilikuwa na manila mlangoni, nimeandika kwa maka pen nyekundu ni nani wa kugonga usiku, uchungu, damu, degedege, nyoka, ajali, pumzi. Nilijiona nimemaliza. Usiku mmoja kaja baba mmoja mchoma mkaa, kikohozi, nikamuuliza muda gani akasema kama wiki mbili hivi au zaidi, nikamsomea ile manila kwa ukali nikamwambia arudi saa mbili asubuhi. Akasema sawa nesi, akaomba samahani kabisa. Hakurudi. Kumbe asubuhi ndo anakuwa porini kwenye tanuri, usiku ule ndo alikuwa amepita kijijini kupeleka magunia. Alikuja mwezi na nusu baadae akiwa nusu ya mtu, ile suruali kaifunga kwa kamba ya katani, makohozi yakapimwa, kifua kikuu. Na nyumbani ana watoto wanne wanaolala chumba kimoja naye.

Alipona, dawa za miezi sita kamaliza, na mkaa aliniletea gunia zima nikashindwa kulipokea. Ila mwezi na nusu ule alikohoa ndani ya chumba kile kwa sababu yangu.

Tangu hapo ratiba yangu ilibadilika kidogo. Mtu wa kikohozi cha wiki mbili akigonga saa tisa usiku simpimi, simsikilizi kifua, nimechoka kama ulivyochoka wewe. Nafungua dirisha, nampa kikopo cha makohozi, namwandika jina na kitongoji kwenye daftari na namba ya simu ya jirani, namwambia akohoe akiamka kabla hajapiga mswaki, akilete au amtume mtu. Dakika tatu. Tusi langu nalimalizia kitandani.